Sita au Tisa

Niliangushwa mtihani wa Fizikia ya Kwanza mara mbili kwa sababu ya neno moja. Hesabu zangu zilikuwa mbovu, sikatai, lakini wapo wengi waliopita na hesabu mbovu kuliko zangu. Mimi nilianguka kwa neno joto.

Mara ya kwanza nilisimama mbele ya meza ya watahini nikasema mvuke una joto jingi kuliko maji. Profesa Zulema Abdelnur, mkuu wa somo, akaweka kalamu chini.

"Una nini?"

"Una joto."

"Asante, Brandán. Tuonane Desemba."

Desemba nikarudi, nikasema bomba la chuma lina joto. Sentensi hata sikuimaliza.

Watu husema yule mama ni mkatili. Mimi nimekaa darasani kwake mwaka mzima na nasema si mkatili. Alituambia siku ya kwanza kabisa: kitu hakina joto. Kitu kina halijoto, na kina nishati ya ndani. Joto ni jina la nishati wakati inahama kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi. Atakayesema kitu kina joto hajaelewa nusu ya kozi, na yeye hatamwekea sahihi. Alilisema wazi, kila mtu akalisikia, na mimi nilikuwepo.

Tatizo langu ni kwamba nimekulia kwenye boila. Shule niliiacha mapema nikaenda kukata miwa na baba, na kutoka shambani nikaingia kiwanda cha sukari, nyumba ya boila, na huko ndiko nilikopatia mvi. Boila tunaiambia ina joto, imepoteza joto, iongeze joto kidogo. Msimu mzima tunaongea hivyo na sukari inatoka nyeupe. Lakini sukari haiulizwi maswali.

Chuo nilikiingia kwa mlango wa watu wazima. Ukishavuka miaka ishirini na tano bila cheti cha sekondari unapewa mtihani wako, ukipita unakaa darasani na watoto. Nilijiandikisha stashahada ya ufundi wa mitambo. Masomo mengine yote niliyamaliza, hata yale ya mwaka wa mwisho. Fizikia ya Kwanza, ambayo watoto huimaliza kabla hawajaota ndevu, ndiyo iliyobaki. Huku kwetu mkoani Tucumán ukimuuliza mtu amefika wapi na chuo atakujibu, "Nadaiwa somo moja." Wapo waliozikwa wakidaiwa somo moja.

Mimi sikuwa na nafasi ya kudaiwa hadi kaburini. Mkuu wa nyumba ya boila alikuwa amestaafu, na kiwanda kilitaka mwingine kabla miwa haijaanza kuingia mwezi wa Mei. Meneja aliniita akaniambia kiume: "Fermín, kiti ni chako ukija na cheti. Usipokuja nacho, namleta mtu kutoka mkoa wa Salta, na wewe utamfundisha mahali pa vali." Na mtihani wa Machi ndio uliokuwa wa mwisho kwangu. Mtu akianguka mara ya tatu anarudia kozi yote, mwaka mzima, maabara na kila kitu. Kiti kisingenisubiri mwaka.

Sasa, mtihani wenyewe. Ni wa mdomo. Mezani kuna tenga dogo la waya lenye mkono wa kuzungusha, kama lile la bahati nasibu ya kanisani, na ndani yake mna gololi za mti zilizoandikwa namba. Kila namba ni mada moja ya kozi: za mwanzo ni mwendo na nguvu, za katikati ni mizunguko na joto, za mwisho mawimbi. Unazungusha, unatoa gololi mbili, unachagua moja, unaanza kuongea. Ndiyo maana mada zenyewe tunaziita gololi. Mwanafunzi hasemi leo nimesoma mawimbi ya sauti, anasema leo nimesoma gololi ya kumi na moja.

Gololi ya tisa ilikuwa joto. Kila mtu alinipongeza kwa hiyo. "Wewe mtu wa boila, tisa si ni ya kwako!" Nami nilikuwa naiogopa kama mbwa anavyoogopa fataki. Niliyoipenda ni sita, vitu vinavyozunguka. Ile niliisoma kitabuni kutoka mwanzo, na ulimi wa kiwandani haukuwahi kuichafua.

Aliyekuwa ananinoa ni Yanina Carrazán, binti wa mtaa wetu, anasomea uhandisi wa kemia. Naye alikuwa anadaiwa fizikia, ila yeye ana umri wa kudaiwa. Alikuja kwetu jioni, tukakaa uani tukizungushiana kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani inayonyonywa kwa mrija, mke wangu Delfina akichambua mahindi ya mchuzi wa locro pembeni.

"Sema tena, mzee."

"Chuma kina—"

"Kina?"

"Kina halijoto ya juu."

"Na joto?"

"Joto hakina."

Delfina akainua kichwa. "Fermín, chuma kile kilichokubabua mkono mwaka juzi, kilikubabua na nini?"

"Mama, nakuomba," Yanina akasema. "Nimejenga wiki nzima, wewe unabomoa kwa swali moja."

"Mimi nauliza tu. Kovu liko pale."

"Joto lilihama kutoka kwenye chuma likaingia mkononi. Lilipokuwa linahama, hapo ndipo lilikuwa joto," Yanina akamweleza.

"Na kabla ya kuhama?"

"Lilikuwa nishati ya ndani."

"Haya. Nishati ya ndani ilinilazimu kumlisha kwa kijiko huyu mwezi mzima."

Yanina alicheka mpaka yerba ikampalia. Kisha akanigeukia. "Mzee, sikiliza. Mvua ikinyesha kisimani, baadaye kisima kina nini?"

"Maji."

"Huwezi kusema kisima kina mvua nyingi?"

"Wataniona nimelewa."

"Basi. Mvua ni maji yakiwa njiani. Yakishafika, mvua imekwisha, yamebaki maji. Na joto ni hivyohivyo."

Hapo nilielewa. Kuelewa kulikuwa rahisi. Ulimi ndio haukuelewa. Kila nilipoteleza Yanina aliniruka zamu, kibuyu kikapita mbele yangu kwenda kwa Delfina. Zilipita jioni kadhaa sikuonja yerba nyumbani kwangu mwenyewe.

Kwa hiyo nikafanya hesabu zangu. Sita nikaisoma mpaka nikawa naitamka usingizini. Tisa nikaigusa juujuu. Ya kumi na moja, ile ya sauti, niliiacha kabisa kwa sababu ina herufi nyingi kuliko sala.

"Unasoma au unacheza bahati nasibu?" Yanina aliniuliza.

"Vyote viwili. Tenga ni la bahati nasibu."

"Profesa haachi mtu abaki kwenye gololi moja, mzee. Atakutoa huko akupeleke anakotaka."

"Akifika huko tutaonana."

Siku ya mtihani jua la Machi lilikuwa bado linawaka. Tulipangwa kwenye ukumbi mrefu mbele ya mlango wa chumba cha mtihani, mgongo ukutani, kila mmoja na karatasi zake zilizolowa jasho. Kila mlango ulipofunguka tulimzunguka aliyetoka.

"Umetoa ngapi?"

"Sita na mbili. Nimeshika sita."

Akaja mwingine. "Sita na kumi. Nimeshika sita." Akaja wa tatu, naye sita. Nilianza kupata wivu. Kijana mmoja wa mji wa Famaillá, aliyekuwa bado anasubiri zamu, akasema sita ina asali leo.

Yanina akaingia, akakaa sana, akatoka anapepea kwa daftari.

"Nane!" akasema. Kwetu maksi ni hadi kumi, ya kupitia ni nne. Nikamkumbatia.

"Umetoa gololi gani?"

"Sita," akajibu, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. "Haya, ingia. Na usiseme lile neno."

Niliingia. Profesa Abdelnur alikaa katikati. Kulia kwake alikuwa mhandisi Nieva, mzee mwenye taulo shingoni kama bondia. Kushoto kijana mmoja anayeandika, ambaye sikumsikia sauti siku ile yote.

"Brandán," akasema Profesa. "Zungusha."

Nikazungusha. Ya kwanza kutoka ilikuwa kumi na moja. Nikazungusha tena, taratibu, kama mtu anayefungua vali ya zamani. Gololi ikaanguka kwenye kisahani, ikajiviringisha, ikatulia ubavuni.

"Namba gani?"

Nikaishika. Nikaigeuza hivi, nikaigeuza vile. Kwa kawaida sita na tisa huwekewa mstari chini ili mtu ajue kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Hii haikuwa na mstari. Vidole vya wanafunzi wa miaka yote viliufuta.

"Profesa, sijui," nikasema.

"Hujui kusoma namba?"

"Namba najua. Ila hii inategemea nimeishika vipi."

Nikampa. Akaigeuza naye. Akampa Nieva, Nieva akavaa miwani, akavua, akaipeleka dirishani.

"Hii ni sita," akasema.

"Umeigeuza," akasema Profesa.

"Sikuigeuza, ndivyo nilivyoipokea."

"Mimi nilikupa tisa."

Akafungua kimlango cha tenga, akamwaga gololi zote mezani, akatafuta ile ndugu yake. Nayo haikuwa na mstari. Zikakaa mbili pale mezani zimefanana kama mayai. Kisha Profesa akasema polepole:

"Nieva. Leo tumesikiliza sita ngapi?"

"Nyingi."

"Na tisa?"

Nieva akajifuta uso kwa taulo. "Nilidhani ni bahati."

"Bahati gani! Watoto wameona wenyewe, wamenyamaza. Na sisi tumekaa hapa tunasema leo mizunguko imetoka sana." Alikuwa na hasira, lakini hasira ya mtu anayetaka kucheka. Mabega ya Nieva yalianza kutikisika chini ya taulo. Mimi nilimkumbuka Yanina na mkoba wake, nikaangalia sakafu.

"Brandán," akasema Profesa, "wewe ndiye wa kwanza leo kusema hujui. Sasa gololi uliitoa wewe, na sheria ni kwamba aliyeitoa ndiye anayeisoma. Umetoa ipi?"

Sitadanganya kwamba nilifikiri sana. Mtu mwenye njaa haulizwi mara mbili.

"Sita, Profesa."

"Sita. Vizuri." Akachukua kalamu ya wino mzito, akashika moja ya zile gololi mbili, yoyote, akaipigia mstari. "Na wewe kuanzia sasa ni tisa," akaiambia. Akairudisha tengani pamoja na zingine. Yule kijana wa Famaillá, aliyeingia baada yangu, ndiye aliyezawadiwa hiyo.

Nikaenda ubaoni. Niliongea vizuri, lazima niseme. Nikachora mteremko, nikaweka juu yake bangili na gurudumu la mti lililojaa, uzito sawa, upana sawa. Nikaeleza kwa nini gurudumu lililojaa linatangulia kufika chini: bangili imeweka uzito wake wote ukingoni, mbali na katikati, kwa hiyo ni ngumu zaidi kuizungusha, na sehemu kubwa ya nishati inaliwa na mzunguko badala ya mwendo. Nikaandika hesabu yake, ikatoka. Profesa aliitikia kwa kichwa mara moja. Nieva aliacha kujipepea.

"Unafanya kazi kiwandani, siyo?" akauliza Profesa. "Yale mapipa yanayozunguka kutenganisha sukari na molasi unayajua?"

"Nayajua."

"Pipa liko kwenye kasi yake yote. Unafunga breki, linasimama. Ile nishati ya mzunguko uliyotuandikia hapo iko wapi?"

Nikajua nimefikishwa mlangoni pa tisa. Hakunipeleka kwa hila. Swali lilikuwa halali kabisa: kinachozunguka kuna siku kitasimamishwa, na kikisimamishwa lazima kuna mahali panaungua.

"Imeingia kwenye mkanda wa breki, na kidogo kwenye pipa," nikasema.

"Mkanda unakuwaje?"

"Huugusi."

"Kwa nini siugusi?"

"Kwa sababu una..."

Nieva akainua macho. Kalamu ya yule kijana ikasimama. Lile neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, miaka yote ya boila ikilisukuma kutoka nyuma. Nilifunga mdomo nikalimeza kama kidonge kisicho na maji.

"Una halijoto ya juu."

"Vizuri. Umepokea joto kiasi gani?"

Hili ndilo lililonitoa jasho. Jibu lililokuja lenyewe lilikuwa "joto lote", kwamba mzunguko wote umegeuka joto likaingia kwenye mkanda. Kiwandani hakuna mtu angesema tofauti. Lakini nikakumbuka joto ni kitu cha njiani, na cha njiani lazima kitoke kwa mwenye moto zaidi. Nikamtafuta huyo mwenye moto zaidi. Pipa lilianza baridi. Mkanda ulianza baridi. Hakukuwa na wa kumpa mwenzake.

"Haukupokea, Profesa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Hakuna kilichokuwa cha moto kuliko mkanda. Kilichoingia ni kazi, kazi ya msuguano. Ikawa nishati ya ndani. Joto linaanza baadaye, mkanda ukishazidi hewa. Hapo linatoka kwenda nje."

Sikuona akitabasamu, yule mama hatabasamu mtihanini. Alisema tu, "Andika."

Nikaandika kanuni: badiliko la nishati ya ndani ni joto linaloingia, toa kazi inayofanywa na mkanda. Joto nikaweka sifuri. Kazi nikaweka namba, nikapiga hesabu, nikaipigia mstari chini kwa fahari. Nikageuka. Nieva alikuwa ameficha uso kwenye taulo.

"Brandán," akasema, "kwa hesabu hii mkanda umepoa."

Nikatazama ubao. Kweli, jibu lilikuwa na alama ya kutoa mbele.

"Umefunga breki, na breki imeganda," akaendelea. "Tuifunge kwenye mkokoteni tukauze achilata sokoni."

Achilata ni barafu yetu nyekundu ya sukari. Hata yule kijana anayeandika alicheka bila sauti. Profesa akaniuliza alama imekosewa wapi. Nikajaribu. Kazi inayofanywa na mkanda, kazi inayofanywa juu ya mkanda, nani anampa nani. Nikageuza hiki, kikageuka na kile, nikafuta, nikaandika, breki ikabaki imeganda. Nilijua kwa mikono yangu kwamba inaungua, na sikuweza kuilazimisha iungue ubaoni. Mwishoni nikaweka chaki chini.

"Siioni, Profesa."

"Subiri nje."

Ukumbini Yanina aliniuliza nini kimetokea, nikamwambia nimegandisha breki. Akashika kichwa. Mlango ulikuwa na kioo cha ukungu, na nyuma yake niliona vivuli vitatu, kimoja kikinyanyua mkono na kingine kikikataa. Nilimfikiria mtu wa Salta. Nilijaribu kumchukia, lakini sikuwahi hata kumwona.

Wakaniita. Sikukaribishwa kukaa.

"Alama ya kazi ni kosa kubwa," akasema Profesa Abdelnur. "Mwanafunzi wa kozi hii anatakiwa kuijua. Ungeiweka sawa ungepata sita."

"Au tisa," akasema Nieva.

"Nieva, tafadhali." Akanisukumia karatasi. "Nne. Umepita. Na nikusikie siku moja kiwandani unasema boila ina joto, nitakuja kuichukua hii karatasi."

"Kiwandani nitasema, Profesa," nikajibu. "Nisiposema hawatanielewa."

"Kiwandani sema," akasema. "Weka sahihi hapa."

Huku kwetu anayemaliza somo lake la mwisho hatoki chuoni akiwa safi. Sikuwa nimefika ngazi za mwisho yai la kwanza likanipasukia kisogoni. Watoto wote wa ukumbini walikuwepo, hata waliofeli asubuhi, wana mayai, unga, na chupa ya siki sijui ya nani. Yanina aliniruhusu nivue miwani, basi. Kisha akanimwagia unga wa ngano kichwani akipiga kelele, "Nne ni kumi! Nne ni kumi!" Mtu mzima, mwenye wajukuu wawili, nilisimama katikati ya barabara nikiwa kama samaki aliyetayarishwa kukaangwa, magari yakipiga honi za pongezi.

Basi la kwanza halikunichukua. Dereva alifungua mlango, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Hongera, babu," akafunga. La pili lilinichukua nikisimama nyuma bila kugusa kitu. Njia nzima unga na yai vilikauka mwilini vikawa gamba, kila nilipokunja shingo vikapasuka.

Delfina alikuwa uani. Aliniona kutoka mbali, akaenda kufungua bomba, akaninyooshea mpira wa maji kutoka kichwani hadi miguuni kwa nguvu zote. Aliponimaliza akauliza:

"Ngapi?"

"Nne."

"Kati ya?"

"Kumi."

Akafikiri. "Na kwa nne wanakupa cheti?"

"Kilekile cha waliopata kumi."

"Na kiti cha kiwandani?"

"Kesho asubuhi naenda kwa meneja."

Akafunga bomba, akanitazama pale nilipokuwa nachuruzika maji ya unga kwenye matofali aliyokuwa ametoka kuyafagia.

"Basi vua viatu," akasema, "chakula kiko mezani."